Kunguru Wetu na Kunguru Mgeni

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja wa Bara Hindi. Mjadala ukaegemea sumu ya kuwaua: je, ni haki au ukatili? Kwa maoni yangu kuna swali linalotangulia hilo. Ni wangapi kati yetu, wakazi wa Mombasa, Malindi au Dar es Salaam, tunaoweza kumtofautisha kunguru huyo na kunguru wetu wa asili? Yule mgeni, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, ni mwembamba na shingo yake ni ya kijivu. Mwenyeji ni mkubwa zaidi, ana mdomo mnene na kifua cheupe pe, na weupe huo humzunguka hadi kisogoni. Anayewaona wote kuwa kunguru tu ataunga mkono au kupinga vita asivyojua vinampiga nani.

Lawama juu ya mgeni zina msingi. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na anapozidi, ndege wadogo kama chozi na kwera huadimika. Lakini hasara hiyo huonekana tu kwa aliyejua kwamba chozi alikuwa akifyonza maua ya uani. Mtaa usiowatambua ndege wake unaweza kuwapoteza bila hata mtu mmoja kulalamika.

Wapo watakaosema kuwatambua ndege ni starehe ya watalii wenye darubini. Lakini kunguru hutua jalalani na sokoni, hatua chache kutoka tulipo. Macho yanatosha kuona ukubwa, rangi na mdomo. Anayetaka kuendelea, jijini Nairobi chama cha Nature Kenya huandaa matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi. Wengine watasema dawa ni kuzoa taka, kwani ndizo zinazowalisha kunguru. Kweli kabisa, na mimi ningeanzia hapo kabla ya sumu. Hata hivyo, taka zikishazolewa, nani atatuambia kama mgeni amepungua na kifua-cheupe anaongezeka? Wataalamu hawawezi kukaa kila mtaa. Wakazi tayari wapo huko. Kwa hiyo halmashauri inayopanga kupambana na kunguru ianze kwa kuwafundisha wakazi, shuleni na sokoni, kunguru yupi ni yupi.