Simu ya Mtoto na Siri Mbaya

Karibuni tena darasani, ninyi wa Ngara na ninyi wa Biharamulo. Chukueni madaftari yenu, mketi karibu na redio. Leo tutasoma maneno mawili tu, lakini maneno hayo yaweza kumwokoa mtoto wako.

Kwanza tuzungumze. Wengi wenu mna watoto wa sekondari. Huenda mtoto anayo simu janja, au huazima ya kaka yake. Wewe waiogopa simu ile, nawe wasema, "Mambo ya mtandao siyajui, nitamlindaje?" Sikiliza. Watu wa Nyakanazi mnaijua njia panda yenu. Hapo hupita watu wa Kahama na wa Kibondo, wema na wabaya. Hukumfungia mtoto ndani; ulimfundisha kuvuka barabara, na kutopanda gari la mtu asiyemjua. Mtandao nao ni njia panda. Hupitisha masomo na habari njema, hupitisha na wadanganyifu.

Sasa chukueni mfano huu. Msichana wa kidato cha pili anapata rafiki katika Facebook. Rafiki anasema yeye ni mwanafunzi wa Bukoba. Humsifu kila siku, humtumia na vocha. Baada ya majuma machache anamwomba picha ya utupu. Msichana anakataa. Yule anasema, "Basi hunipendi." Msichana anatuma. Kesho yake maneno yamegeuka: "Leta pesa, la sivyo nitaionyesha shule nzima." Na mwisho wa ujumbe yapo maneno haya. Yasomeni pamoja nami, polepole:

U-si-mwa-mbi-e m-tu.
Usimwambie mtu.

Someni tena. Anayemwandikia mtoto maneno haya anajua ya kuwa nguvu yake yote imo katika siri. Siri ikitoka, nguvu zinapungua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Je, mtoto huyo atakuambia wewe? Hapo ndipo penye shida. Kama jana ulisema, "Ukiniletea aibu utatoka katika nyumba hii," atanyamaza. Atamtii yule mgeni, kwa sababu anakuogopa wewe zaidi. Basi mwambie leo, kabla ya shida kuja: "Likikupata jambo, hata kama umekosea, njoo kwangu. Sitakupiga." Na akija, neno lako la kwanza liwe, "Asante kwa kuniambia."

Kisha fanyeni hivi:

1. Msitume pesa, wala picha nyingine.

2. Msifute ujumbe, maana ni ushahidi. Lakini msimpelekee mtu picha hiyo, hata ndugu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za namna hiyo za mtoto.

3. Pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto. Hailipiwi. Au nendeni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii.

4. Mwambieni mwalimu mnayemwamini, ili wenzake shuleni wasimcheke.

Nanyi wenye watoto wa kiume, msidhani somo hili si lenu. Mvulana naye hudanganywa vivyo hivyo, na pengine huona haya zaidi kusema. Tena mfundisheni ya kuwa msichana akisema hapana, ni hapana. Na picha aliyopewa si mali yake ya kuwaonyesha wenzake. Rafiki mwema hakulazimishi, hakutishi, wala hakutengi na wazazi wako.

Maswali

1. Ni maneno gani mawili tuliyoyasoma leo?
2. Kwa nini ujumbe wa vitisho usifutwe?
3. Andika katika daftari lako nambari ya simu ya huduma kwa mtoto.

Kazi ya nyumbani

Jioni hii mwombe mtoto wako akuonyeshe namna ya kumzuia mtu mbaya katika simu. Yeye atakuwa mwalimu, wewe utakuwa mwanafunzi. Usione haya. Mkimaliza, mazungumzo yenu yatakuwa yamekwisha kuanza.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.