Mfalme Aliyepanda Punda: Unyenyekevu wa Kristo na Gharama ya Kumfuata



Hoja yangu jioni hii ni moja. Unyenyekevu wa Kristo ndiyo namna yake ya kutawala. Kwa hiyo gharama ya kumwamini hudaiwa hasa pale mtawala mwingine anapomtaka mtu mzima mzima, mwili na dhamiri.

Tuanze na Injili. Yohana anasimulia kwamba umati wa watu elfu tano ulipokwisha kula na kushiba, ulitaka kumshika Yesu umtawaze kwa nguvu. Akajitenga nao, akapanda mlimani peke yake. Ufalme unaotolewa na matumbo yaliyoshiba hakuutaka. Lakini alipoingia Yerusalemu siku chache kabla ya kufa, aliwaacha watu wamshangilie kama mfalme. Kipando ndicho alichochagua mwenyewe. Farasi alikuwa mnyama wa vita. Yeye aliketi juu ya mwanapunda wa kuazima, kama alivyotabiri nabii Zakaria.

Wanafunzi wake walichelewa kuelewa. Yakobo na Yohana waliomba nafasi mbili, mmoja aketi kuume na mwingine kushoto kwake katika utukufu wake. Marko, aliyeliandika ombi hilo, baadaye anataja waliokuwa kuume na kushoto kwake siku shtaka la ufalme lilipoandikwa juu ya msalaba: wanyang'anyi wawili, nao wamesulubiwa. Mwinjili haongezi maelezo. Anamwachia msomaji alinganishe.

Ndiyo maana Yesu aliwaambia watakaomfuata wakae kwanza wapige hesabu, kama mfalme mwenye askari elfu kumi anayejiwa na adui mwenye elfu ishirini.

Hesabu hiyo ilipigwa hapa Afrika Mashariki. Mwanga alirithi kiti cha Buganda mwaka 1884, angali kijana. Ikulu yake ilikuwa na vijana wengi watumishi, ambao vyeo na uhai wao vilikuwa mkononi mwa Kabaka, yaani mfalme. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyewasimamia, alimkemea mfalme kwa kumuua Askofu James Hannington. Naye akauawa Novemba 1885. Karoli Lwanga alishika nafasi yake na kuendelea kuwakinga wadogo wasitumiwe kwa tamaa za mfalme. Mei 1886, huko Munyonyo, alipoona hukumu imekaribia, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni. Mmoja wao alikuwa Kizito, mwenye umri wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mbaga Tuzinde, mmoja wa waliohukumiwa, alikuwa wa nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wauaji wa mfalme. Alisihiwa na jamaa zake aikane imani apone. Alikataa.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba miaka kama kumi kabla, katika enzi ya Mutesa I, vijana Waislamu wa ikulu hiyo hiyo waliuawa kwa kuishika dini yao. Kiti kilichotaka kila kitu hakikumvumilia yeyote aliyekiri kwamba yuko aliye juu ya mfalme.

Hapa kuna funzo tunalolipuuza: unyenyekevu hauna mkataba na ukimya. Mukasa alisema. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin wa Uganda barua ya kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Hawakuwa na jeshi wala silaha, ila watawala waliwaogopa, kwa sababu mtu aliyekwisha kulipa gharama hatishiki tena.

Sasa tazameni baadhi ya madhabahu zetu. Mhubiri anaingia na msafara na walinzi, mwanasiasa anapewa kiti cha mbele na kipaza sauti, na mama muuza mboga anahimizwa atoe mtaji wake awe tajiri. Gharama imetwishwa maskini, na heshima imebaki kwa wakubwa. Yesu aliyejifunga taulo akaosha miguu ya wanafunzi wake hawezi kuwa ndiye anayehubiriwa hapo.

Viongozi wa makanisa, rudisheni viti vya mbele kwa wajane na wagonjwa, na semeni ukweli mbele ya wenye madaraka hata wanapokuwa wafadhili wenu. Nanyi wanafunzi, wengi wenu hamtaitwa Namugongo. Mtawekewa mezani hati ya malipo ya dawa ambazo hazijafika hospitalini, na bosi atawaambia mtie saini. Atakayekataa huenda akakosa cheo, au kazi yenyewe. Amueni mapema ni nani mfalme wenu, kabla hati hiyo haijawafikia.