Mvumo Ndani ya Redio

Jioni hii twataka kunena habari ya ule mvumo wa "shaa" usikiwao nyuma ya sauti ya redio.

Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari. Mvuvi wa Pande asikilizaye habari kama ile ataka kujua jambo moja tu: aende baharini, au asiende? Neno moja likimezwa na mvumo, hasara yake yaweza kuwa roho ya mtu.

Watu wengi wasiposikia vema huongeza sauti. Haifai kitu, kwa kuwa kikuza sauti hakipambanui neno na mvumo. Hukuza vyote viwili pamoja.

Mvumo watoka wapi? Mwingine huletwa na radi. Mwingine huzaliwa ndani ya chombo chenyewe, maana chembe za umeme hutikisika kwa joto, wala hazitulii kamwe. Mwaka 1928 wataalamu wawili wa Marekani, wazaliwa wa Sweden, John Johnson na Harry Nyquist, walieleza ya kuwa nguvu ya mvumo huu huzidi kwa joto, na kwa upana wa masafa yanayopitishwa. Masafa ni hesabu ya mitetemo katika sekunde moja.

Fikirini mlango wa nyumba wakati wa kusi. Upepo wapeperusha vumbi sawasawa mbele ya ukuta wote. Mlango ukiwa kadiri ya mgeni, mgeni hupita na vumbi kidogo. Ukiupanua mara nne, mgeni ni yule yule mmoja, lakini vumbi ni mara nne. Ndivyo ilivyo kwa kikuza sauti: kipitishacho masafa hadi 20,000 huingiza nguvu ya mvumo mara nne kuliko kipitishacho hadi 5,000.

Je, tuuzibe mlango? La. Darasani kwetu tulizungusha kishikio cha redio kipunguzacho sauti nyembamba. Mvumo ukapungua, tukafurahi. Tukakizungusha zaidi. Msomaji akatamka "msuko", na wanafunzi wengine wakaandika "mfuko". Herufi "s" hukaa katika masafa ya juu, pale pale penye mvumo. Simu ya kawaida, ipitishayo masafa ya 300 hadi 3,400 tu, hutatanisha vivyo hivyo. Mlango ukiwa mwembamba mno, mgeni huingia, bali mzigo wake hubaki nje.

Basi, redio ikivuma, msikimbilie kuongeza sauti. Zungusheni kishikio kile polepole, mvumo upungue, na "s" ikianza kufifia, komeni hapo. Utulivu ni mwema, lakini neno zima ni jema zaidi.