Sasa Mwite Tata

Wanangu, kaeni nami kidogo. Watu wameshiba, na akina mama wa jikoni wameanza kukusanya sufuria. Nimeitwa niseme kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa esigani wenu, mshenga wa nyumba hizi mbili, na mwaka jana kwa miezi minne nilidhani kazi hii itanishinda.

Wageni wetu wa Mombasa na Nairobi hawakijui kisa, kwa hiyo wazee mniruhusu nikianze mwanzo.

Huyu kijana ni wa Nyamache, mtu wa Bobasi. Huyu binti ni wa Manga, mtu wa Kitutu. Walikutana Keroka, pale sokoni ambapo ukivuka barabara umetoka Kisii umeingia Nyamira. Nilipooa mimi hapakuwa na mpaka huo, sote tulikuwa wilaya moja ya Kisii. Wakapendana. Siku waliyokwenda kanisani kuandikisha nia yao, karani akasoma vitambulisho, akainua macho: Nyakundi, na tena Nyakundi. Akauliza, "Ninyi ni ndugu?" Wakacheka.

Jina hilo peke yake si kitu. Sisi Abagusii huwapa watoto majina ya wazee waliotangulia, na akina Nyakundi waliotangulia walikuwa wengi, Bobasi, Kitutu na kwingineko. Lakini wiki iliyofuata binti alikuja kwetu Nyamache, akamkuta baba ya kijana kwenye shamba la ndizi, akamsalimu kwa heshima kama alivyofunzwa kwao: "Tata." Jirani alikuwa ng'ambo ya ua. Akasikia msichana mgeni akimwita mzee tata, yaani baba, akakumbuka kwamba mzee huyu ujanani alichuma majani chai Sotik, akajumlisha mwenyewe. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua kwamba binti wa Sotik amerudi kumtafuta baba yake.

Mwanangu, hapo ndipo ulipokosea, nami nakwambia mbele ya watu kwa sababu nakupenda. Ulisikia, ukanyamaza. Ukaanza kumwita mchumba wako "dada". Dada, umefika salama? Dada, umekula? Mtoto wa watu akalia usiku, akaamini umepata mwingine na unamtoa taratibu kwa adabu.

Najua kwa nini hukumuuliza baba yako. Chinsoni, miiko yetu ya heshima, zilikuzuia. Mtoto wa Mgusii hamkabili baba yake na maneno ya ujana wake na wanawake. Baba haingii nyumba ya mwanawe, na mwana haingii siri za baba. Ukamwendea mama yako, naye akajibu kama ambavyo mke yeyote angejibu: "Mimi sijui, mambo ya Sotik ni yake." Kisha ukampigia simu rafiki yako wa Mombasa, huyu aliyekaa pale na kanzu nyeupe, ukamwambia, "Nimemuuliza baba, amesema hajui."

Wageni, nisikilizeni vizuri. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Anayeitwa baba na Waswahili, sisi humwita tata. Kijana alisema Kiswahili, lakini uchungu ukamrudisha kwenye lugha ya nyumbani. Rafiki yake akaelewa kama Mswahili yeyote ambavyo angeelewa, na kwa nia njema akampigia binti: "Shemeji, jipe moyo. Mzee mwenyewe ameulizwa, hajui kama wewe ni mtoto wake au la." Ndipo binti aliposikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Kwa simu, kutoka Mombasa.

Leo tunacheka. Wakati ule binti alikaa siku mbili bila kula.

Ni yeye aliyetuokoa. Hakuja kugombana. Alikuja kwangu Jumapili baada ya ibada, akasema, "Mzee, wewe ndiwe esigani. Nenda uulize." Maneno machache hayo yalinitia aibu, kwa sababu kuuliza ndiyo kazi yangu. Esigani wa zamani hakuwa mpeleka salamu. Alilala kwa watu, akala wimbi yao, akauliza ukoo, akauliza bibi alitoka wapi, akauliza kama ng'ombe wa mahari ya dada walilipwa. Siku hizi vijana hukutana wenyewe, na mshenga huitwa mwishoni kama shahidi wa picha. Mimi nilikuwa nimekubali kuwa wa namna hiyo.

Nikaenda. Mzee mwenzangu nilimuuliza mimi, rika lake, kwa maana kati yetu hakuna chinsoni. Hakukasirika. Alisema, "Mbona hamkuniuliza siku ya kwanza?" Aliondoka Sotik mwaka 1991, na binti alizaliwa 1998. Kisha nikapanda Manga, nikaketi na wazee chini ya mwamba wa pale, tukahesabu babu hadi babu. Hawa wa Kitutu, mnyama wa ukoo wao ni engo, chui. Sisi wa Bobasi ni watu wa enchage, pundamilia. Nyakundi wao na Nyakundi wetu hawakuwahi kunywea kisima kimoja.

Wangekuwa ndugu, ningesimama kuwazuia. Sheria ya Ndoa ya 2014 inakataza hata binamu, isipokuwa kwa Waislamu, na mila yetu ni kali kuliko hiyo, kwani mtoto wa tata omoke, ndugu ya baba yako, huyo ni ndugu yako kamili. Kwa hiyo hofu yenu haikuwa upuuzi. Kilichowaumiza ni kwamba kila mmoja aliibeba peke yake.

Kuna jambo moja la miezi ile ambalo halijanitoka. Kijana, ulipodhani ni dada yako, hukumtupa. Ulimpelekea nauli. Mama yake alipougua ulikwenda hospitali, ukakaa benchini hadi asubuhi. Hukutarajia kitu kwake, na ulimtunza. Nakuomba umtunze hivyo hivyo sasa akiwa mke. Nawe binti, ulipoumia hukutangaza kwa mashoga zako. Ulikwenda kwa mtu mwenye uwezo wa kuuliza, ukasubiri jibu. Siku neno lingine litakapoingia nyumbani mwenu, na litaingia, semezaneni usiku huo huo. Likiwa zito, mimi bado ni esigani wenu. Mlango wangu mnaujua.

Kabla miezi mitatu haijaisha mwende mkamjulishe msajili ndoa hii ya kimila, kisha mwombe cheti. Msiliache hilo kama wengi walivyoliacha.

Na wewe mwanangu wa Manga, mkwe wako amekaa pale chini ya mparachichi. Hataingia nyumbani mwako, ndivyo chinsoni zilivyo, ila kila akija atasimama uani. Mtolee kiti. Msalimu kwa sauti, jirani naye asikie, umwite tata.