Nyumba ya Marehemu Haiuzwi kwa Haraka



Mwenye nyumba akifa, pengine mwanawe mkubwa hushika hati ya kiwanja, akamwita mnunuzi, akapokea fedha. Huyo ameuza kitu asicho na mamlaka nacho. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 1981, yasema kwamba ajiingizaye katika mali ya marehemu bila idhini aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa mwaka mmoja, au adhabu zote mbili.

Njia ya halali ni hii. Jamaa humwendea chifu, awape barua yenye majina ya warithi wote, mabinti walioolewa wakiwamo. Maombi hupelekwa kortini, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Msimamizi akiisha kupewa hati, kwa kawaida hungoja miezi 6 kabla korti haijaithibitisha. Mpaka hapo, hana ruhusa ya kuuza nyumba wala ardhi.

Mnunuzi naye aitake hati iliyothibitishwa. Asipoionyeshwa, na azuie fedha zake. Kwani mjane aliyepitwa akishtaki, mauzo yaweza kutanguliwa, na mnunuzi akakosa fedha na nyumba pia.