Krismasi Haipimwi kwa Mizani ya Duka



Msimu wa korosho wilayani Masasi huanza mwezi Oktoba, na Krismasi hufika fedha za mnada zikiwa zimeanza kuingia mikononi mwa wakulima kupitia vyama vya msingi. Ndipo wachuuzi wanapomiminika Nanganga, kwenye njia panda ya Lindi, Masasi na Ruangwa, na vitenge, viatu, redio na mitumba. Mkulima aliyepalilia mikorosho yake na kuipulizia salfa anayo haki ya kufurahi. Wala hapana mwenye haki ya kumlaumu mzazi anayemnunulia mwanawe gauni jipya.

Hata hivyo, furaha ni jambo moja na mashindano ni jambo jingine. Pale jirani anapomtazama jirani kwa jicho la kupimana, nani kachinja mbuzi na nani kanunua kuku, sikukuu hugeuka mzigo. Kwa kuogopa aibu hiyo, mnyonge huuza korosho zake mapema kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wapimao kwa bakuli na kulipa bei ya kutupa. Jasho la mwaka mzima humezwa na siku moja, na mlanguzi ndiye anayesherehekea.

Yafaa ikumbukwe kwamba Krismasi ina historia nzito katika nchi hii. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Mkunazini, pale pale binadamu walipokuwa wakinadiwa kama mbuzi. Ibada ya kwanza ilifanyika humo siku ya Krismasi ya mwaka 1877. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakapitia Lindi wakielekea upande wa Ziwa Nyasa. Safari yao ikakomea Masasi, wakajenga makao mapya.

Basi, Ukristo wa Masasi ulianza na watu waliokwisha kutiwa bei sokoni, kisha wakatambuliwa kuwa hawana bei. Wao hawakuwa na duka la kuwapamba. Furaha yao kubwa ilikuwa utu wao uliorudishwa. Itakuwa ajabu iwapo katika ardhi hiyohiyo mtu atapimwa tena kwa thamani ya nguo aliyovaa. Hata mtoto anayekumbukwa siku hiyo alilazwa katika hori la kulishia mifugo, kwa kuwa nyumba ya wageni ilikuwa imejaa.

Tena, Krismasi hufuatwa na Januari. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari na viatu vya shule bado ni juu ya mzazi. Mwezi huohuo mashamba hudai jembe, na ghala la nafaka huanza kupungua kabla mavuno mapya hayajafika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, fedha ya korosho itengwe kwanza kwa shule, chakula na pembejeo, ndipo iliyobaki iende sokoni.

Wala sikukuu haitapungua utamu kwa hilo. Katika vijiji vya Masasi, Mkristo na Mwislamu huishi ua kwa ua. Sahani ya pilau inayovuka ua kwenda kwa jirani, kwa mjane, au kwa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Ndanda, hubeba maana ya Krismasi kuliko kitenge cha bei kubwa. Kitenge hupauka kwa jua la Nanganga. Aliyekumbukwa siku ya dhiki hasahau.