Mifupa Inayodhoofika Uzeeni
Mfupa ni tishu hai inayobomolewa na kujengwa upya maisha yote, na baada ya umri wa miaka 30 hivi ubomoaji huanza taratibu kuushinda ujenzi, hata pengine kufikia hali iitwayo osteoporosisi, yaani mifupa kupungukiwa na madini na kuwa myepesi kiasi cha kuvunjika kwa anguko dogo. Wanawake huathirika zaidi, kwa kuwa hedhi inapokoma hupungua estrojeni, homoni inayozuia mfupa kubomolewa kwa kasi, na aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45 huwa hatarini mapema zaidi. Uvutaji wa sigara, ulevi, wembamba uliopita kiasi na kuwa na mzazi aliyewahi kuvunjika nyonga huongeza hatari hiyo. Linalosahaulika mno, na inasikitisha kwa sababu madhara yake yanaweza kupunguzwa, ni matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi kama prednisoloni, ambazo hudhoofisha mifupa hata ya wanaume, hasa zinapomezwa kwa miezi 3 au zaidi. Anayezitumia asiziache ghafla, maana kufanya hivyo huweza kuhatarisha maisha, bali amuulize daktari wake kuhusu kinga ya mifupa.